Hatari Namba Kumi na Saba

Ndoto yenyewe niliiota jana mchana, ofisini, nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya mchoro na mdomo wazi. Najua watu wa kwetu Mtwara husema ndoto ya mchana ni ya shibe, haina maana. Mimi ni mhandisi wa usalama. Nimezoea kupeleka taarifa na kuambiwa haina maana, kwa hiyo naisimulia kama nilivyoiona, bila kutia chumvi.

Kwanza niseme nililala na nini moyoni.

Ofisi yetu inapanga jukwaa la mafuta litakalosimama baharini, mbali kiasi kwamba ukiwa juu yake hutaiona nchi kavu. Hakuna bado hata msumari mmoja majini. Kila kitu kiko kwenye karatasi. Kazi yangu ni kutafuta, kabla hakijajengwa chochote, ni kitu gani kinaweza kuua mtu kule, nikiandike kwenye daftari la hatari, nikipe namba, kisha tukae kikao tuamue la kufanya. Jana lilikuwa limebaki jambo moja tu: saini yangu kwenye mchoro wa mpangilio, ule unaoonyesha mitambo itakaa wapi na watu watalala wapi.

Meneja wa mradi, Bwana Mwakyoma, aliitaka saini hiyo kabla ya saa kumi alasiri. Mchoro ukichelewa, tunakosa msimu wa bahari tulivu na ujenzi unasogea mwaka mzima. Mkataba wangu nao unaisha mwezi huu. Hakunitishia, si mtu wa hivyo. Alisema tu, "Injinia Sharifa, tusianze kuchokonoana dakika za mwisho," kisha akaenda uwanja wa ndege kupokea wageni.

Kilichokuwa kinanichokonoa ni hatari namba kumi na saba. Niliiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: gesi kuvuja kwenye mitambo na kupeperushwa hadi vyumba vya kulala. Siku nilipoiandika ilikuwa nyekundu, yaani ya kuua. Baada ya vikao vitatu ilikuwa kijani, yaani inavumilika, na utaratibu wote ulifuatwa. Vipimo vya upepo vilionyesha kwamba upepo pale unatoka kaskazini-mashariki, vyumba vikawekwa upande wa kaskazini na mitambo upande wa kusini, ili gesi ikivuja ipeperushwe mbali na watu. Ila vipimo hivyo vilianza Desemba, vikafungwa Machi. Mwezi wa nne, pwani yote hii, kaskazi hulala na kusi, upepo wa kusini, huamka. Wataalamu walioleta vipimo hawakuzaliwa huku. Mimi nimezaliwa Mikindani, sina hata kisingizio. Nililiona kosa, nikasema nitaliuliza kikao kijacho, na kikao kijacho kikapita nami nimo ndani, nakunywa soda.

Sasa, Bi Somoe. Huyu ndiye mpishi wa kantini yetu, mzaliwa wa Mikindani kama mimi, na jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya watakaokwenda kupika jukwaani. Jukwaa litachukua miaka mitatu kujengwa, lakini Bi Somoe, mwenye miaka hamsini na miwili, ameshaanza kujifunza kuogelea. Jumamosi asubuhi huenda pale ufukweni na dera lake, anaingia hadi kifuani, anatoka, anasema leo amesogea hatua mbili.

Jana aliniletea wali na samaki, akakuta mchoro umetandazwa mezani.

"Mwanangu, chumba changu kipi?"

Nikamwonyesha. Chumba namba nne.

"Kina dirisha?"

"Kinalo."

"Linatazama wapi?"

"Linatazama mitambo."

Akainama juu ya mchoro. "Na jiko mmeliweka upande gani wa nyumba?"

"Jiko liko ndani, Bi Somoe. La umeme, halina moshi."

Alinitazama kama mtu aliyeuliza njia ya sokoni akatajiwa bei ya sukari. Nilipomaliza kula alichukua sahani akaenda zake, nami nikainamisha kichwa nifikirie. Hapo ndipo usingizi uliponikuta.

Ninaingia kikaoni. Chumba ni kilekile cha siku zote, isipokuwa viti vimeondolewa na sakafu ni vigae vyekundu, vya njano na vya kijani, vimepangwa sawasawa na lile jedwali letu la kupimia hatari. Watu wamesimama kandokando ya kuta, wamevaa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa. Katikati, juu ya kigae chekundu, ameketi mnyama.

Simfahamu, lakini shingoni amefungwa kibao kwa kamba ya katani, na kibao kimeandikwa kumi na saba.

Sikuwa nimewahi kuiona hatari hiyo ana kwa ana. Ni kubwa kiasi cha mbuzi aliyekomaa, haina manyoya, na inapumua polepole. Inanuka kama jiko la gesi ambalo mtu amelisahau wazi.

"Shikamoo, mama," inaniambia.

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyeniandika."

"Ndiyo mimi."

"Uliniandika kwa mwandiko mzuri," inasema.

Bwana Mwakyoma anafungua kikao. Anasema ajenda ni moja. Kanuni inataka kila hatari iwe na mwenyewe, na hii imekaa miezi saba bila mtu. "Ni ya nani?" anauliza.

Mtu wa mitambo anainyanyua, anaguna kwa uzito wake. "Si ya kwetu," anasema. "Sisi gesi tunaifungia ndani ya bomba. Ikishatoka nje ya bomba ni ya mwingine." Anampa mtu wa ujenzi.

"Sisi tunajenga tunachochorewa," anasema mtu wa ujenzi. Anampa mama wa utumishi.

Mama wa utumishi anaipakata vizuri, anaifuta pua kwa leso. "Idara yangu inahusika na mfanyakazi akiwa mzima," anasema, "na akishafariki kuna fomu tunajaza. Pale katikati hatumo." Naye anaipitisha.

Inazunguka chumba chote, mkono kwa mkono. Kila inapopokelewa inasema asante. Haikasiriki. Inanifikia mimi, nami nauhisi moyo wake ukipiga kwenye kiganja changu, na kwa kweli ninaona haya. Najua ni yangu. Naiweka chini taratibu, pale ilipokuwa, kana kwamba nilikuwa nairudisha kwao.

"Basi tuipunguze," anasema Bwana Mwakyoma.

Wanaume wawili wanaibeba kutoka kigae chekundu, wanaiweka kwenye cha njano.

"Unajisikiaje?" naiuliza.

"Vilevile, mama."

"Andika: imepungua," anasema Bwana Mwakyoma. Mkono wangu unaandika.

Wanaibeba tena, wanaiweka kwenye kijani.

"Na sasa?"

"Vilevile. Ila hapa sakafu ni baridi."

"Andika: inakubalika."

Mkono wangu unaandika hilo nalo, kwa mwandiko mzuri. Watu wanapiga makofi kidogo, makofi ya ofisini yasiyoumiza viganja.

Mlango unagongwa.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtu atadhani nazidisha. Katika taarifa za mradi kuna ukurasa wa hesabu ya watu wanaotarajiwa kufa, tangu jukwaa linapoanza kazi hadi linapong'olewa. Ya kwetu ilitoka sifuri nukta tatu, yaani sehemu tatu katika kumi za mtu mmoja. Siku ilipotoka tulifurahi sana na Bwana Mwakyoma akanunua keki. Nami nilikula vipande viwili.

Anayeingia mlangoni ndiye huyo. Ni mkono wa kulia, bega, sikio moja na nusu ya mdomo, pamoja na aproni nyeupe. Ana kimo cha mtu wa kawaida, na vipande vyake vinakaa mahali pake ingawa hakuna kinachoviunganisha.

"Hodi," anasema kwa nusu ya mdomo. "Nimeambiwa nije nichukue nafasi yangu."

"Karibu," anasema Bwana Mwakyoma. "Umesaini mahudhurio?"

"Sina jina la kuandika. Nimepewa tarakimu."

"Andika tarakimu."

Ule mkono unachukua kalamu, unaandika sifuri nukta tatu kwa utulivu kwenye mstari wa nane, kisha unauliza, "Samahani, nitakamilika lini?"

"Hutakamilika," anasema Bwana Mwakyoma kwa upole, kama anavyosema na wageni. "Ndiyo maana tukakukubali. Ungekuwa mzima tungekukataa."

"Nimeulizia kule ninakotakiwa kwenda, baba. Wanasema hawapokei vipande. Wanapokea mtu mzima mzima. Hata sanda haikatwi kwa nukta."

Mama wa utumishi anatafuta kitu kwenye pochi. Mimi ninautazama ule mkono, na juu ya kidole gumba ninaona kovu jembamba lililopinda, kovu la chuma cha chapati. Ninalijua kovu hilo. Kila siku saa nne asubuhi linaniwekea kikombe cha chai mezani. Na bado ninainamia daftari langu.

Dirisha linafunguka lenyewe. Anaingia mtu mrefu, suti yake ya kijivu imelowa hadi mifukoni, ameshika barua kwa mikono miwili.

"Naomba radhi kwa kuchelewa," anasema. "Naitwa Kusi. Nilifika Aprili kama kawaida yangu, nikakuta mmeshafunga vyombo vya kupimia mkaondoka."

"Hukualikwa," anasema Bwana Mwakyoma.

"Ni kweli. Kwa barua hii naomba nialikwe."

"Kikao kimeshapata upepo."

"Huyo ni Kaskazi, tunapokezana. Yeye anakaa miezi michache tu. Sehemu kubwa ya mwaka ni yangu." Anageuza kichwa kutazama chumba chote. "Hamkumuuliza mtu yeyote anayepika?"

Kufumba na kufumbua hatumo ofisini tena. Tuko juu ya jukwaa, jua liko utosini, na bahari ni nyeupe pande zote. Ni nyeupe kwa sababu ni karatasi. Nguzo ni mistari ya wino, ngazi ni mistari ya wino, na natembea kwa uangalifu nisichafue. Upande wa kusini mitambo inanguruma. Upande wa kaskazini viko vyumba vya kulala, vimepangwa kwa rula, nami naona hata herufi zangu ndogo juu ya milango.

"Nielekee wapi?" anauliza Kusi.

"Fuata mchoro," anasema Bwana Mwakyoma.

"Mchoro haunitaji."

"Basi subiri Desemba."

"Siwezi kusubiri, mkubwa. Kazi yangu ni kwenda tu." Anavua koti lake, analikunja, analitundika kwenye mkono wa kreni. Kisha anaanza.

Si dhoruba. Ni upepo wa kila siku, ule unaokausha nguo na kufunga milango. Karatasi inatetemeka chini ya miguu yetu.

Kwenye kigae chake cha kijani Hatari inasimama. Ndiyo mara ya kwanza naiona imesimama.

"Mama," inasema, "nadhani naitwa."

"Kaa hapohapo," naiambia. "Wewe ni kijani."

"Najitahidi," inajibu kwa adabu, nayo inaanza kwenda. Inapita mbele yangu, upepo unaisukuma mgongoni, na kila hatua inakuwa kubwa zaidi. Mbele ya ngazi ni ndama. Mbele ya mlango wa kwanza inajaza ukumbi wote, dari hadi sakafu, na haina sura tena, ina harufu tu.

Ninakimbia. Napita chumba namba moja, namba mbili, namba tatu. Ukutani kuna king'ora chekundu. Nakipiga kwa kiganja.

"Siwezi kulia," kinasema. "Hii imeandikwa kijani. Kwa za kijani huwa napiga chafya tu."

"Basi piga chafya!"

Kinapiga chafya. Ni chafya ndogo, ya mtu aliye msikitini. Hakuna anayetoka mlangoni.

Nafungua chumba namba nne. Kitanda ni mstari, shuka ni mistari, na juu yake amelala yule mtu wa nukta tatu na aproni yake. Harufu inaanza kupenya chini ya mlango. Kwa kila pumzi anayovuta, anaongezeka. Linatokea sikio la pili. Unatokea mkono wa kushoto, vidole kwanza. Inatokea miguu iliyopasuka visigino, na kanga kiunoni.

"Nakamilika," anasema.

"Usipumue," namwambia. "Nakuomba, usipumue."

"Nitaachaje kupumua, mwanangu?"

Mdomo unapata nusu yake ya pili. Yanatokea macho. Ni Bi Somoe, mzima, hapungui hata ukucha. Anaangaza chumba, anaona ukuta, na uso wake wote unafurahi.

"Kumbe dirisha lenyewe linafunguka," anasema.

Nalia. Sioni aibu kulisema, ndotoni nililia kama mtoto aliyepotezana na mama yake mnadani.

Bwana Mwakyoma ameshafika. Yuko mlangoni na meza ndogo, na juu ya meza kuna mchoro. Mkono wake umeshika muhuri wa mpira.

"Muhuri," nauambia, "ngoja."

"Imekubaliwa," unasema muhuri.

"Kuna mtu humu ndani."

"Imekubaliwa."

"Unajua neno jingine lolote?"

Muhuri unafikiri kwa muda. "Imekubaliwa," unasema, na sauti yake ina huzuni.

Bwana Mwakyoma hana haraka. "Injinia Sharifa," anasema, "kanuni unaijua, uliiandika wewe. Anayetaka kazi isimame ainue mkono. Yeyote, hata mfagizi. Inua mkono tu."

Ni kweli niliiandika mimi. Imebandikwa kila ukuta, na picha ya mtu anayetabasamu. Nataka kuinua mkono. Natazama chini, naona juu ya mkono wangu wa kulia pamewekwa mkataba wangu, karatasi moja, imebanwa kwa kibanio kwenye kona. Ina uzito wa nanga. Navuta. Mkono hauji. Navuta tena, kwa nguvu zangu zote, na aibu iliyoje, sehemu ya moyo wangu inafurahi kwamba mkono hauji.

Muhuri unashuka.

Hapo mkono mwingine unanyooshwa kutoka kitandani, hauna papara, kama mkono unaopunga moshi uondoke machoni. Unajitandaza juu ya kile kisanduku cha saini pale kwenye mchoro, kovu likiwa juu. Muhuri unaupiga mgongoni.

"Imekubaliwa," unasema.

"Haidhuru, mwanangu," anasema Bi Somoe. "Wewe una kazi yako." Anavuta pumzi kubwa.

Niliamka.

Shingo ilikuwa imekakamaa na shavu limeshikamana na mchoro. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Niliukagua mchoro kwanza: kisanduku cha saini kilikuwa kitupu, safi, hakina hata doa. Muhuri siku zote unakaa kwenye kabati la Bwana Mwakyoma, na ufunguo wa kabati hilo hauachani na mnyororo wa funguo za gari lake. Yeye alikuwa bado uwanja wa ndege. Nilikwenda hadi mlango wa ofisi yake nikauvuta, ulikuwa umefungwa. Nikarudi kukaa, nikajiambia ni wali na shibe, waliosema hivyo hawakukosea.

Bi Somoe akaingia na chai.

"Nilikuja mwanzo nikakuta umelala," alisema. "Unalia usingizini, nikakuacha. Mtu akilia usingizini ukimwamsha kilio kinabaki ndani."

Aliweka kikombe mezani. Mgongoni mwa mkono wake wa kulia, juu tu ya lile kovu la chapati, kulikuwa na alama ya wino wa zambarau, ya mstatili, imenyooka kama imepimwa.

"Hii sijui nimejipaka wapi," alisema alipoona naitazama. "Nimeosha vyombo tangu saa nane, mkono ulikuwa safi. Nimesugua kwa sabuni, nikasugua kwa limau na majivu, haitoki. Imeandikwa nini? Miwani nimeiacha jikoni."

Niliushika mkono wake. Ulikuwa wa moto, wa maji ya kuoshea vyombo. Herufi zilisomeka zote.

"Imekubaliwa," nikasema.

Bi Somoe alicheka hadi akashika ubavu. "Basi ni ile kazi ya baharini! Wameshanikubali, wamenipiga na muhuri kabisa kama nyama ya machinjioni." Akaanza kuelekea mlangoni, bado anacheka, ameuinua ule mkono aone vizuri kwenye mwanga.

Sikuweza kumwacha atoke hivyo.

"Bi Somoe, kaa kidogo."

"Nimeacha maharage motoni."

"Yaache. Kwenu Mikindani, jiko mlilijenga upande gani wa nyumba?"

Alinitazama tena kama ule mchana, ila safari hii alivuta kiti. "Magharibi. Upande gani tena? Jiko halijengwi mashariki mwa nyumba. Ukilijenga mashariki, kaskazi ikivuma moshi wako ndani, kusi ikivuma moshi wako ndani. Pepo zote mbili zinatokea baharini. Weka nyumba mbele, jiko nyuma, moshi uende zake porini. Marehemu mama angenichapa kwa mwiko kwa swali hilo."

"Mbona hukuniambia mchana?"

"Nilikuuliza," alisema. "Ukaniambia la umeme."

Kisha nikaugeuza mchoro umwelekee, nikamwonyesha mitambo iko wapi, vyumba viko wapi, na kile cha namba nne. Nikamweleza gesi ni nini na kusi ikivuma itaipeleka wapi. Sikumficha kitu. Alifuata kwa kidole, polepole, mkono ule ule wenye muhuri, hadi kidole kikafika kwenye dirisha lake.

"Na mimi nimelala humu," alisema.

"Na wewe umelala humo."

Nilifungua daftari la hatari kwenye mstari wa kumi na saba. Nilifuta ile kijani. Penye nafasi ya mwenye hatari, ambayo ilikuwa tupu tangu siku ya kwanza, niliandika jina langu kamili, Sharifa Nandonde. Halafu nikachukua kalamu nyekundu na kuandika kwenye mchoro, katikati ya kile kisanduku cha saini: usijengwe hivi, vyumba vihamie mashariki, mitambo iende magharibi, upepo upimwe mwaka mzima.

"Ukifanya hivyo itakuwaje?" aliuliza Bi Somoe.

"Mradi utachelewa mwaka. Labda zaidi. Mimi huenda nikaondoka mwisho wa mwezi."

"Na kazi yangu?"

"Itachelewa nayo."

Alitazama nje kwa muda, akiusugua ule wino kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Ulikuwa hautoki.

"Basi nitakuwa nimejua kuogelea vizuri," alisema, akainuka kwenda kuangalia maharage yake.

Saa kumi kasoro dakika tano gari la Bwana Mwakyoma liliingia getini. Nilisikia funguo zake kwenye korido, kisha sauti yake ikiwakaribisha wageni, kisha mlango wangu ukafunguliwa na wote wakaingia, watu sita na tabasamu. Aliona mchoro mezani kabla hajaona uso wangu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mwepesi, ukapanda wenyewe hadi juu ya kichwa, nami nikauacha hapohapo hadi wote walipoacha kuzungumza.